GPS ya lori ya laki tisa, nimetembea nayo miezi nane

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa Moshi, lori liko gereji wanabadilisha laini za breki za tela, nina siku mbili za kukaa tu nikasema acha niandike hii kitu, sababu kila nikipaki Himo au Kisongo lazima dereva mmoja apande kwenye kabini aione ile skrini aniulize kaka hii inafaa na mimi ninunue? Huwa namjibu juujuu tu tunaachana, na kila nikimjibu hivyo najisikia vibaya sababu ni laki tisa ya mtu, na zaidi ya laki tisa kuna maisha yake na ya tandiboi wake, yani msaidizi wake wa kwenye lori.

Kifaa chenyewe ni GPS ya malori, sio ile ya gari ndogo. Skrini inchi 7, inagandishwa kwenye kioo cha mbele kwa kile kikombe cha mpira, inakula umeme wa sehemu ya kiberiti. Nilinunua Arusha mjini. Jina la kampuni silitaji na duka silitaji, maana nimeshashika na za wenzangu za kampuni zingine na karibia zote akili yao ni moja. Ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza lori lako likoje: kwenda juu mita ngapi, upana, urefu kuanzia kichwa mpaka mwisho wa tela, uzito, ekseli ngapi, umebeba mafuta au gesi au mzigo wa kawaida. Mimi nikajaza juu mita 4, upana mbili na nusu, urefu 17, uzito tani 44. Baada ya hapo kazi yake ni kukupitisha njia ambazo lori la vipimo hivyo linapita. Hiyo ndo sababu ya kulipa laki tisa badala ya kutumia simu, kumbukeni hilo neno maana ndo nitarudi nalo.

Nianze na pale iliponifurahisha kweli. Tripu ya kwanza nayo ilikuwa Nairobi kupitia Namanga. Wanaoenda Nairobi wanajua, ukishaingia Mombasa Road pale Athi River gari zinakuzunguka kama nyuki na ukikosa leni ya kuingilia Southern Bypass umeisha, unajikuta unaelekea mjini na semi. Ile mashine ilianza kuniambia kilomita mbili kabla, kaa kushoto, ikachora na leni zenyewe na mshale juu yake, nikaingia bila presha yoyote. Miaka yote kumi na tatu niliyoendesha pale nilikuwa napita jasho linanitoka, siku ile nilipita naongea na dogo, tandiboi wangu, habari za mpira.

Sehemu ya pili ni usiku. Barabara ya Babati kwenda Kondoa, zile kona za milimani kule Bereko na Kolo, ukungu ukishuka huoni mita hamsini. Skrini inakuonyesha kona inayokuja imejikunja vipi kabla taa zako hazijaifikia, unashusha gia mapema badala ya kukanyaga breki ukiwa tayari ndani ya kona. Kwa mtu mwenye mzigo mgongoni hiyo ni kubwa sana wakuu, breki za kwenye mteremko zikishapata moto hazikusikilizi tena.

Na spidi. Kile kidude kinasoma spidi kwa setilaiti, kwahiyo hakijali umefunga tairi saizi gani. Mshale wangu wa dashibodi ulikuwa unaonyesha 80 wakati kifaa kinasoma 76. Sheria yetu gari ya zaidi ya tani tatu na nusu mwisho ni 80 na kwenye makazi 50, sasa ukiijua spidi yako ya kweli tochi ya trafiki ya kupima spidi haikushtui. Ila vile vibao vya 50 vyenyewe usivitafute humo ndani, yangu inajua vichache mno, na matuta haijui hata moja, na pale Maji ya Chai mpaka Tengeru mnajua wenyewe hali ilivyo. Mizani nayo haijui. Mizani ya Njiapanda Himo haimo, ya Kimokouwa kabla ya Namanga haimo.

Sasa hebu tuelewane kuhusu hizi setilaiti maana wengi tunachanganya vitu viwili. GPS ni mfumo wa Wamarekani, setilaiti zisizopungua 24 ziko juu kama kilomita 20,200 zinazunguka dunia, kila moja ina saa ya ajabu ya kupima muda, inatuma ishara chini inasema mimi niko hapa na saa hizi ni saa fulani. Kifaa chako kinapokea ishara za setilaiti nne au zaidi, kinapiga hesabu ishara imechukua muda gani kufika, kinajua uko wapi. Kinapokea tu, hakitumi kitu, ndo maana hakili bando na hata katikati ya nyika ya Longido ambako simu haina mnara bado kinajua ulipo. Zamani Wamarekani walikuwa wanaivuruga makusudi ile ishara ya raia, ikawa inakosea hata mita mia, wakaacha mwaka 2000, sasa hivi makosa ni mita chache. Warusi wanao mfumo wao, Wachina wao, Wazungu wa Ulaya wao, na vifaa vingi vya sasa vinasoma yote pamoja.

Kwahiyo kuhusu wewe uko wapi, ile kitu ni mkweli. Tatizo ni kwamba setilaiti haijui barabara. Setilaiti haijawahi kuambiwa kuna barabara duniani. Barabara ziko kwenye ramani iliyopakiwa ndani ya kifaa, na ramani imechorwa na mtu, na huyo mtu pengine hajawahi kukanyaga Kilimanjaro hata siku moja. Dereva anaona ule mshale wake mdogo unatembea sawasawa kabisa na lori lake, anasema hii mashine inajua kila kitu, kumbe nusu inajua na nusu imesimuliwa.

Mifano ninayo. Ramani iliyokuja na yangu ilikuwa ya zamani. Baipasi ya Arusha, ile ya Ngaramtoni mpaka Usa River, kilomita 42 na ushee, lami ya maana kabisa, haimo. Nikiingia baipasi skrini inaonyesha lori liko katikati ya mashamba na ile sauti inaniita kila dakika nirudi barabarani, yani inanisihi nipite Sakina niingie mjini na kontena. Nikaweka niende Dodoma kutoka Arusha, ikanipangia Moshi, Same, Korogwe, Chalinze, Morogoro, Dodoma! Karibu kilomita mia tisa. Wakati kupitia Babati na Kondoa ni mia nne na ishirini hivi, lami tupu, ilizinduliwa 2018. Nilipochimba kwenye mipangilio nikakuta kwenye kumbukumbu zake ile ya Kondoa bado ni vumbi, na mimi nilikuwa nimeweka tiki pale kwenye kukwepa vumbi. Mwenyeji anacheka anapita zake Babati, lakini fikiria dereva mgeni kapewa lori na tajiri kapewa na mafuta ya kupima, kaifuata, dizeli inaishia wapi?

Kwenda Musoma ndo kabisa. Ikanichorea Makuyuni, Karatu, geti la Ngorongoro, nakatisha Serengeti, naibukia upande wa pili. Ni fupi kweli kwenye ramani. Lakini hiyo ni hifadhi, kuna mageti na ada za kiingilio na masharti yao, sio njia ya semi yenye mzigo, sisi tunazunguka Singida, Nzega, Shinyanga na tunajua kwanini. Hata ile barabara ya lami iliyopangwa kukatisha kaskazini mwa Serengeti, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko hapahapa Arusha iliizuia mwaka 2014. Mashine haina habari na mahakama, yenyewe inaona mstari tu.

Hizo zote ni hasara ya mafuta na muda. Iliyonifanya niandike ni ya Kibosho.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika. Nimepakia Unga Limited pale Arusha, nondo na saruji tani 28, napeleka kwenye ujenzi Kibosho juu. Mimi kwetu ni Rombo, Kibosho nilikuwa napajua kwa kupita na hiace kwenda msibani sio kwa semi, na yule mwenye mzigo simu yake haipatikani. Nikaweka sehemu kwenye kifaa, nikasema twende. Tumevuka Kikafu vizuri, tumefika njiapanda ya Machame, ikasema kata kushoto. Nilishangaa kidogo sababu akili yangu ilikuwa inaniambia shuka mpaka Moshi mjini ndo upande barabara ya Kibosho, lakini ikaonyesha inaokoa dakika ishirini na mbili, na mvua imefunga, na nimechoka, nikakata. Machame lami safi, tunapanda, tandiboi wangu anasema braza hii mashine noma. Afu ikasema kata kulia. Vumbi, lakini pana tu mwanzoni, maroli mengi yanapita vumbi. Tukaingia.

Mtu wa huku anajua mlima umekaaje. Barabara zinapanda na kushuka, hizo hazina shida sana. Shida ni za kukatisha, sababu mito inashuka kutoka juu imechimba makorongo, Kikafu, Weruweru, Karanga, kila ukikatisha kidogo kuna korongo linakusubiri. Mimi nimezaliwa mlima huuhuu najua hilo tangu naenda shule, na bado nilikata kulia kwa sababu skrini imesema. Hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Kama kilomita moja na nusu ndani migomba ikaanza kugusa vioo pande zote mbili. Udongo mwekundu umelowa. Kushoto mfereji wa maji, kulia kihamba cha watu, yani shamba la ukoo la migomba, kimeshuka chini. Nikasimama. Dogo akashuka atangulie kwa miguu, akakutana na mama mmoja mtu mzima anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo ligari lote mnalipeleka wapi?"

"Tunaenda Kibosho mama, tumeambiwa njia ni hii."

"Nani kawaambia? Huko chini daraja ni la magogo. Fuso ya mchanga yenyewe inashusha nusu kwanza ndo inavuka, afu wanabeba ile nusu kwa mabega. Rudini baba, rudini kabla giza halijawakuta."

Nilisikia yale maneno nikiwa dirishani na miguu ikaisha nguvu. Nilishuka nikaenda mwenyewe kuona. Ni kweli, mteremko kona kali afu magogo, na chini ni mto unasikika kabla hujauona. Lile daraja ukiwa kwenye usukani hulioni mpaka uko juu yake, na kwenye ule mteremko na ule udongo, tani 44 zisingesimama hata ningekanyaga nini.

Tulirudi rivasi. Semi, kilomita moja na nusu, kupanda, matope, masaa mawili na nusu, dogo yuko nyuma na tochi ya simu mdomoni na jiwe la kuzuia tairi mikononi, vijana wa pale wakajitokeza kama kumi hivi kusaidia na hakuna hata mmoja aliyetaja hela mpaka tumetoka. Kwenye kona moja tairi la nyuma la tela lilipanda kwenye masale ya mpaka wa kihamba cha mzee mmoja, na mtu wa Kilimanjaro anajua masale, ule mmea wetu wa mpaka na wa kuombea msamaha, sio majani ya kukanyaga. Nilirudi wiki iliyofuata, nimeshika sale mkononi kama inavyotakiwa, nikaomba radhi, mzee akanikaribisha ndani. Akaniambia mimi ni wa tatu, kabla yangu walishaingia wawili na ramani za simu.

Sasa turudi kwenye lile neno la vipimo. Mimi niliiambia uzito tani 44, na ikakubali, na ikanipeleka kwenye daraja la magogo. Nilipiga simu kwa kijana mmoja fundi wa hivi vitu Arusha akanielewesha na ndo nataka kila dereva aelewe hapa. Kifaa kinalinganisha uzito wako na uzito ulioandikwa kwenye ramani kwa ile barabara au lile daraja. Kama kwenye ramani hakuna kilichoandikwa, kinachukulia hakuna kizuizi. Hakisemi sijui, kinasema pita. Kule Uingereza daraja lolote la kupita chini yake lenye nafasi pungufu ya mita 5.03 linatakiwa kuwa na kibao, namba inaandikwa na inaingia kwenye ramani, na bado malori yanagonga madaraja ya reli kule kila mwaka. Sasa huku kwetu nani kaandika uzito wa daraja la magogo la korongoni? Kwahiyo ile sehemu ya vipimo ambayo ndo umeilipia laki tisa, ukitoka barabara kuu ukaingia vijijini inakuwa pambo tu. Duka halikuniambia hilo, na nina hakika hata wao hawajui.

Sauti nayo ni ya Kizungu na majina ya kwetu inayatamka unajiuliza ni wapi huko, Bomang'ombe nilikuja kuitambua siku ya tatu. Betri bila chaja haimalizi saa mbili. Mwanga wa skrini mchana wa jua la Same hauonekani vizuri mpaka uweke kakivuli ka boksi. Kusasisha ramani kunahitaji intaneti nzuri na uvumilivu, mimi nilifanyia kwa dada yangu anayekaa Njiro kwenye waifai yake, usiku mzima, na ramani ya Afrika Mashariki mpya nililipia tena pembeni wakati ya Ulaya ilikuwa bure. Baada ya hapo baipasi ya Arusha ikatokea, na Kondoa ikawa lami. Ile njia ya korongoni bado ipo vilevile.

Wanaouliza simu si inatosha? Simu inasoma setilaiti hizohizo, na ukipakua ramani mapema ukiwa na waifai haihitaji bando njiani. Ramani za simu mara nyingi ni mpya kuliko za hivi vifaa. Ila nyingi zinakuhesabu wewe ni gari ndogo, zinakupitisha popote inapopita Vitz, afu simu inapata moto juani, inapigwa katikati ya kona, na ukiishika mkononi trafiki anakulamba faini kihalali kabisa. Kama kazi yako ni Arusha Dar, Moshi Tanga, njia uliyoizoea, usinunue hii kitu, laki tisa ni tairi. Kama unavuka mipaka, unaenda Nairobi, Kampala, Lusaka, miji usiyoijua, hapo naiunga mkono kabisa na yangu siuzi.

Mimi sasa naitumia hivi. Barabara kuu naiacha iongee, inanipa kona, leni, umbali na spidi. Njia yenyewe naipanga kabla sijawasha gari, naandika miji kwenye karatasi, naiingiza kwenye kifaa mji mmoja baada ya mwingine ili isipate nafasi ya kunitafutia mkato. Na mwisho wa lami ni mwisho wake, pale nazima sauti, namtafuta bodaboda. Bodaboda wa kijiweni anajua kila daraja, anajua lipi limebebwa na mvua ya juzi, mpe buku tano atangulie mbele yako. Na tandiboi wangu nimempa ruhusa ambayo zamani sikuwa nampa, akisema braza simama, nasimama, hata kama skrini inasema nini.

Matajiri mnaosoma hapa, nanyi mna sehemu yenu. Kuna wanaofunga hivi vifaa afu wanamkata dereva hela ya mafuta akitoka nje ya ile njia ya mashine. Bosi wangu nilimpeleka kwa gari yake mpaka lile daraja akaliona kwa macho, akakaa kimya muda mrefu, akaifuta ile sheria palepale.

Jambo lingine. Kuna ramani ya bure inaitwa OpenStreetMap, ilianza Uingereza 2004, mtu yeyote anaweza kuingia akarekebisha, kule Dar vijana walishachora mitaa na mifereji ya mafuriko kwa hiyohiyo kwenye mradi wa Ramani Huria tangu 2015. Yule kijana fundi alinifungulia akaunti. Nimeingiza lile daraja, nimeandika magogo, nimeandika uzito mwisho tani 3, na yule mzee mwenye masale ndo alinisaidia kukadiria. Sio kila kifaa kinasoma ramani hiyo, cha kwangu hakisomi. Nimeshaweka madaraja manne mpaka sasa, moja la Kibosho na matatu ya Rombo ninayoyajua tangu utoto. Mwenye la Machame, Marangu au Mamba anitajie liko kijiji gani na fuso inavukaje hapo, nipo mpaka kesho jioni gari itoke gereji, afu naenda kupakia Arusha mzigo wa Singida.